Makka Haina Bahari

Siku Khelef alipoondoka nyumbani, mama yake alimuuliza mara mbili kama amechukua ihramu.

"Nimechukua, mama."

"Vipande vyote viwili? Usije ukaazima cha mtu."

"Vyote viwili. Si umeviona mwenyewe?"

Bi Ghaniya alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, miguu imevimba, mkono wa kushoto una bendeji pale walipomchoma sindano hospitali. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na ilikuwa zamu ya Turkiya, binti yake mjane, kumpeleka kusafishwa damu na kumrudisha. Dirisha lile lilitazama mitende ya jirani na ukuta wa udongo. Ibra ni mji wa bara, na Bi Ghaniya, aliyezaliwa Malindi ya Unguja, alikuwa akisema kwa mzaha kwamba Mungu alimuozesha jangwani ili asichoke kuikumbuka bahari.

Ihramu ile, shuka mbili nyeupe za kuvaliwa Makka, ilikuwa ya marehemu mumewe. Turkiya aliipiga pasi, akaikunja, na Khelef akaitia juu kabisa ya sanduku kwa sababu mama alitaka kuiona ikitiwa. Chini yake mlikuwa na kaptura, miwani ya jua na mafuta ya kujipaka ufukweni.

"Ukifika mahali pa kunuia," Bi Ghaniya alisema, "nuia kwa jina langu. Ghaniya binti Thabit. Usinong'one. Mungu anasikia, lakini mimi n'nataka na wewe ujisikie."

"Inshallah, mama."

"Na Lamya yuko wapi? Lamya, mwanangu, huko vaa viatu laini. Watu watakukanyaga."

Lamya, mke wa Khelef, aliinama akambusu mkono. Alikuwa tayari amevaa viatu laini.

Hawakuwa wanakwenda Makka. Walikuwa wanakwenda Antigua, kisiwa cha bahari ya Karibi, upande wa pili wa dunia. Miaka mitatu nyuma, katika ukumbi wa hoteli moja ya Maskati, kijana aliyevaa suti alikuwa amewauzia wiki moja ya kila mwaka kwenye hoteli ya ufukweni: chumba kilekile, wiki ileile, mpaka uzee wao. Wiki isiyotumika hairudi. Ya kwanza iliwapita kwa sababu ya shule anayosomesha Lamya, ya pili kwa sababu ya figo za Bi Ghaniya. Ya tatu ilipokaribia Lamya alisema, "Khelef, mimi na wewe hatukujaaliwa mtoto, hatuna pa kwenda ila kazini na hospitali. Tutawalipia wengine kitanda mpaka lini?"

Hapakuwa na mtu Ibra ambaye angemwelewa mwana anayemwacha mama mgonjwa akaenda kuogelea. Safari ya umra, hija ndogo ya Makka, lakini, hailaumiwi na mtu. Neno lilimtoka Khelef wakati wa chakula, mbele ya sinia la wali, kabla hajalipima, na mama yake alilidaka kwa mikono miwili.

"Umra! Basi nifanyie na mimi. Magoti yangu hayanifikishi tena."

Baada ya hapo hapakuwa na namna ya kulirudisha neno kinywani.

Turkiya aliwafuata mpaka kwenye gari na chupa ya maji, akamwaga kidogo nyuma ya magurudumu kama alivyofundishwa na mama yake. "Niombeeni na mimi," alisema. Khelef aliwasha gari.

* * *

Hoteli ilikuwa nzuri kama kwenye picha, na hilo lilimuudhi Khelef. Angalau ingekuwa na kasoro. Walifungwa mkononi ukanda wa plastiki wa rangi ya buluu ambao ulimpa mtu haki ya kula na kunywa popote, na ambao haufunguki mpaka ukatwe. Kila walipopita mtu aliwauliza kama wamefurahi leo. Lamya aliingia baharini na nguo zake ndefu za kuogelea, akacheka peke yake kama msichana, kisha akatazama nyuma kuona kama Khelef amemwona. Khelef alikuwa amekaa chini ya mwavuli akitazama saa.

Alikuwa ameipanga. Saa tano za asubuhi pale ni Magharibi ya Makka. Kila siku saa ile alijifungia chooni, mlango wa roshani umefungwa, akampigia mama yake. Simu ya Lamya ilikuwa juu ya sinki, inatoa adhana ya Msikiti Mtukufu.

"Allahu akbar," Bi Ghaniya alikuwa akisema kule Ibra. "Turkiya, njoo usikie! Hiyo adhana ya wapi hiyo! Khelef, umeshatufu Kaaba?"

"Nimeshatufu, mama."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

"Mungu akupe kila unachokitaka. Kuna mtu hapa, Bi Mahbouba, jirani. Msalimie, umwambie uko wapi."

Akamsalimia Bi Mahbouba, akamwambia aliko.

Siku ya nne Lamya alikuwa chooni. Tumbo lilimsumbua. Khelef aligonga mlango, akaambiwa angoje, na saa tano ilikuwa imefika. Mama alikuwa akingoja simu kama mgonjwa anavyongoja dawa. Alitoka roshani na simu zote mbili, akaugeuzia mgongo ufukwe, akaifunika yake kwa kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti ilikuwa ndogo kuliko jana. Adhana ililia. Nyuma ya adhana mawimbi yalikuja, yakavunjika, yakajivuta juu ya mchanga, yakaja tena.

Bi Ghaniya alisikiliza mpaka adhana ikaisha.

"Leo kuna upepo huko," alisema.

"Naam, mama. Upepo. Na watu wengi."

"Naam. Watu wengi. Wewe hujambo lakini? Unakula?"

"Ninakula."

"Haya, baba. Usikae sana juani. Niombee."

Khelef alirudi ndani, akamwambia Lamya kwamba simu imepita salama.

* * *

Kesho yake asubuhi hoteli iliwaalika wenye wiki zao kwenye chai maalumu. Ilikuwa biashara, si chai. Waliketishwa kwenye meza ndogo na bibi mmoja mchangamfu, na kabla ya yote waliombwa wazime sauti za simu. Bibi yule alitaka waongeze wiki ya pili.

"Bwana Khelef," alisema, "pumziko ni zawadi. Nani mtu ambaye ungependa kumpa zawadi hii? Mtu mmoja tu. Usifikiri, taja."

"Mama yangu," Khelef alisema, kwa sababu aliambiwa asifikiri.

"Ah! Na mama angependa kwenda wapi?"

Lamya alitazama kikombe chake. Khelef alitafuta neno la Kiingereza, kisha akasema kwamba mama yake hasafiri. Bibi akatabasamu, akafungua picha za vyumba visivyo na ngazi, vya wazee.

Walipotoka, jina la Turkiya lilikuwa limejaa kwenye kioo cha simu kutoka juu mpaka chini.

Khelef alimpigia akiwa amesimama kwenye njia ya mawe, kati ya bwawa la watoto na mahali pa kukodi taulo.

"Mama katangulia," Turkiya alisema. "Baada ya Alasiri. Alikuwa anakunywa maji."

"Inna lillahi," Khelef alisema, akakaa juu ya ukingo wa bustani.

"Uko wapi, Khelef?"

"Niko... niko huku."

"Huku wapi?"

Mtoto mmoja alirukia bwawani. Turkiya alingoja, akapumua, kisha akasema, "Ami Hud huyu hapa anataka kusema na wewe."

Ami Hud alikuwa ndugu wa marehemu baba yao, mtu mzima anayeheshimiwa mtaa mzima, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapolia.

"Mwanangu, Mungu akupe subira. Sasa nisikilize. Tulitaka kumzika usiku huu baada ya Isha, lakini watu wote wanasema tukungoje. Wewe ni mwanawe wa pekee. Jidda na Maskati si mbali. Panda ndege ya usiku, asubuhi uko hapa, unamtia mamaako kaburini kwa mikono yako. Nimeshawaambia hospitali wamweke."

Khelef alihesabu kichwani ndege, bahari, London. Hata akiota mbawa asingefika kesho.

"Msiningoje, ami. Mzikeni."

"Vipi tusikungoje? Kwa nini?"

Palikuwa na majibu mengi. La kweli lilikuwa fupi kuliko yote. Khelef alifunga macho na lililomtoka halikuwa hilo.

"Nimo katika ihramu, ami. Ya mama. Sijaimaliza. Nimemuahidi."

Upande wa pili akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani mwake: Ami Hud analia kwa kwikwi, na kati ya kwikwi anawaambia waliosimama karibu, "Anasema mzikeni, anasema lazima aimalize umra ya mamaake kwanza. Mnasikia? Huyu ndiye mtoto!"

Bi Ghaniya alizikwa usiku ule baada ya Isha.

* * *

Siku waliyotua Maskati ilikuwa siku ya tatu ya msiba, ya mwisho. Njiani, ndani ya ndege, Lamya alikuwa amefuta rangi ya kucha kwa karatasi moja baada ya moja mpaka ngozi ikawa nyekundu. Baada ya Seeb, kabla ya kushika barabara ya Ibra, Khelef alisimamisha gari mbele ya duka la kinyozi.

"Unafanya nini?" Lamya aliuliza.

"Mwanamume anayetoka umra ananyoa."

"Khelef. Basi. Inatosha."

"Wataniona na nywele."

"Wakuone."

Alishuka. Kinyozi, Mbangali mwenye ndevu nyeupe, alimtia kitambaa shingoni, akauliza anyoe vipi. "Zote," Khelef alisema. Mashine ikapita. Nywele zenye chumvi ya bahari zilianguka mapajani. Kwenye kioo uso ulikuwa umeungua kwa jua, mweusi mpaka kwenye paji, na juu yake kichwa kilikuwa cheupe kama cha mtu mwingine.

Kinyozi aliuona ukanda wa buluu ulipochungulia kwenye mkono wa kanzu. "Hospitali?" aliuliza kwa Kiarabu chake kidogo.

"Naam. Hospitali."

Kinyozi akaukata kwa mkasi wake, taratibu, asimguse ngozi, na hakuongeza chochote kwenye bei.

* * *

Wanaume walikuwa ndani ya sabla, ukumbi wa mtaa ambamo rambirambi hupokewa, wamekaa kwa safu, migongo ukutani. Khelef alipoingia walisimama wote. Alipita akipeana nao mikono mmoja mmoja, na kila mmoja alikishika kichwa chake kilichonyolewa au akakitazama, na kila mmoja alikuwa na neno.

"Mungu aikubali."

"Umemaliza haki ya mzee wako, sisi wengine tutasema nini?"

"Tizama jua la Makka lilivyomchoma!"

Hakuna aliyemuuliza kwa nini amechukua siku mbili kutoka Jidda. Walimsaidia wenyewe. "Msimu huu ndege zinajaa," Marzouq wa duka la tende alisema, na wengine wakaitikia kwamba kweli, zinajaa. Kisha Marzouq akamsogelea sikioni. "Ndugu yangu, samahani, najua una msiba. Mtoto wangu ana homa haimwachi. Kama umekuja na maji ya zamzam, hata kifuniko cha chupa."

"Sikuleta, Marzouq. Niliondoka kwa haraka."

"Aa, bila shaka. Bila shaka. Nisamehe mimi." Marzouq aliona haya, na haya ile ilimkaa Khelef kifuani kuliko kama angetukanwa.

Kahawa ilizunguka, na halua. Halafu Ami Hud akagonga fimbo yake sakafuni. "Leo dua hataomba imamu," alisema. "Ataomba aliyetoka kwenye Nyumba, kichwa chake hakijaota unywele."

"Ami, mimi sijui kuomba mbele ya watu."

"Ulipokuwa umeishika Kaaba ulijua. Omba."

Khelef aliinua mikono. Wanaume wote waliinua yao. Maneno aliyajua, ya kumuombea maiti, tangu utotoni. Aliyasema, na kila aliposimama sauti nyingi zilisema *amin*, na yeye hakuweza kusema hata moja.

Upande wa wanawake, nyumbani, Lamya alikuwa amekalishwa katikati. Bi Mahbouba alimshika goti. "Hebu tusimulie, mwanangu. Ulipoiona mara ya kwanza, ulilia? Wanasema kila mtu analia." Lamya alisema ndiyo, alilia. Na kwa kuwa alikuwa analia wakati ule, wote waliamini.

* * *

Alasiri, wageni walipopungua, Khelef alimkuta Turkiya jikoni akiosha vikombe vya kahawa. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni, kwa sababu alikuwa ametaka kufua ihramu. Vile vipande viwili vilikuwa juu ya meza.

"Vimekunjwa vilevile nilivyovikunja mimi," alisema, bila kugeuka. "Hata alama ya pasi ipo."

"Dada..."

"Na chini kuna mchanga. Mweupe, mzuri. Wa wapi?"

"Antigua."

"Sipajui." Akasuuza kikombe, akakipindua. "Usidhani nimeanza kujua leo. Siku ile ya mwisho ulipopiga simu, mama aliirudisha simu mkononi mwangu akaniambia, 'Turkiya, Makka haina bahari.' Nikamwambia, mama, ni upepo, kasema mwenyewe. Akacheka. 'Mie nimelala miaka kumi na saba dirishani kwetu Malindi, maji yanapanda mpaka ukutani. Atanifunza mtoto wa Ibra sauti ya bahari?'"

Khelef alikaa kwenye kiti cha jikoni, kile mama yake alichokuwa akikalia kuchambua mchele.

"Alikasirika?"

"Ningekwambia alikasirika ungefurahi, eh? Hakukasirika. Alisema, 'Yupo mahali pazuri. Si mbaya. Mwache apumzike, amechoka na sisi.' Basi. Halafu jioni ile akaja Bi Mahbouba, na wifi yake, na wale wa Al Qabil. Wakamuuliza, mwanao vipi? Mama kajiinua kwenye mto, kasema, 'Khelef yuko Makka. Nimesikia adhana kwa masikio yangu. Ananifanyia umra yangu.' Mimi nimesimama na sinia la chai, n'namsikia. Mama yangu, Khelef. Mama ambaye hajapata kusema uongo hata wa bei ya kitenge. Kakusitiri. Ndilo neno la mwisho watu walilosikia kwake."

Maji yalikuwa yanatiririka bomba wazi. Turkiya alilifunga.

"Nilikuuliza uko wapi," alisema. "Kabla ya kumpa Ami Hud simu. Nilikuuliza mara mbili."

"Nitawaambia," Khelef alisema. "Sasa hivi. Nitarudi sabla, nitawaambia wote."

"Utawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba sikwenda."

"Na mama aliyewaambia uko Makka, alikuwa nani? Muongo? Utamtoa maiti kaburini umwondoe sitara ili wewe upumue?" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu. "Hutasema kitu. Watakusifu, utanyamaza. Watakuomba dua, utaomba. Alichokifunika mama hukifunui wewe."

"Basi nitakwenda. Mwezi ujao nitakwenda kweli, nimfanyie."

"Wewe hujapata kwenda hata mara moja. Kamuulize sheikh yeyote: anayemfanyia mwenziwe, sharti awe ameshafanya yake. Mama alisahau, kwa furaha. Au hakutaka kukuvunja." Alichukua kitambaa akaanza kukausha vikombe. "Mimi nilikwenda na marehemu mume wangu. Mama kaniambia usiku ule ule: 'Umra yangu utaifanya wewe, Turkiya. Na Khelef usimwambie.' La umra nitalitimiza. La kutokukwambia limenishinda. Nimekaa siku tatu n'nawasikia wanavyokusifu. Mungu atanisamehe."

Khelef alitaka kumshika mkono. Turkiya alimpa kikombe akaushe.

* * *

Siku zimepita. Hoteli imetuma ujumbe, una picha ya ufukwe na majina yao wote wawili, kuwakumbusha kwamba wiki yao ya mwakani imeshahifadhiwa: chumba kilekile, tarehe zilezile. Siku ya tano ya wiki ile ndiyo siku aliyokufa Bi Ghaniya. Lamya ametangaza kuiuza. Hakuna aliyeulizia. Amerudi shuleni, na wenzake chumba cha walimu wamemtengea kiti, wakimuomba awaeleze habari za Makka. Amewaambia kichwa kinamuuma.

Nywele za Khelef zimeanza kuota. Marzouq alikuja kumwambia kwamba mtoto amepona tangu dua ile ya sabla, akaleta kikapu cha tende, za kwanza za shamba, na hakukubali kurudi nazo. Kikapu kiko jikoni. Hakuna aliyekula.

Watu wamemuuliza Turkiya kwa nini anakwenda umra wakati mama yake ameshafanyiwa na mwanawe. Huwajibu kwamba kheri haina mwisho.

Basi la umra linalokusanya watu wa Al Qabil na Ibra linaondoka Alhamisi baada ya Alasiri, kutoka mbele ya msikiti. Turkiya amepata kiti upande wa dirisha, pamoja na wanawake wa mtaa. Khelef atambebea sanduku mpaka basini. Kisha atarudi nyumbani, kwa sababu Ami Hud ameshawaalika watu jioni ile waje wamsikilize Khelef akisimulia habari za Makka.